Kazi Mbili za Shemeji wa Chumba cha Kufulia

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa alasiri, Shemeji wetu wa chumba cha kufulia atavua aproni na kuitundika kwenye msumari wake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi katika hospitali hii. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu la wafanyakazi. Imeniomba pia niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi. Pale nitakaposhindwa naomba radhi mapema, maana tangu tarehe hii itangazwe uchangamfu wangu umekuwa wa kuazima.

Kwanza jina. Wageni hudhani Shemeji ni jina alilopewa na wazazi wake. Si hivyo. Aliajiriwa hapa akiwa kijana aliyeoa muuguzi wa wodi ya watoto, tayari ana binti wa miaka mitano, na kwa kuwa wauguzi wa hapa ni ndugu wakigombana na ndugu wakipatana, wote wakamwita shemeji. Wakafuata madaktari, wakafuata wapishi na walinzi, mpaka wagonjwa waliolazwa siku mbili tu. Wakurugenzi watano wamepita, na kila mmoja amemwita Shemeji bila kujiuliza huyu bwana alimwoa dada yao yupi. Mke mwenyewe aliondoka zamani, jina likabaki. Nitafika huko.

Wengi wenu hamjawahi kushuka kwetu. Chumba cha kufulia kiko nyuma ya jiko, mwisho wa ule ujia wenye mabomba ya mvuke juu, na kina milango miwili: mmoja wa nguo chafu, mmoja wa nguo safi, na ole wake atakayebeba kitu kwa mlango usio wake. Shemeji alianzia upande wa nguo chafu, kwenye kuchambua. Hiyo ndiyo kazi ambayo vijana wengi huiacha kabla ya mshahara wa kwanza. Ndani ya mashuka ya wagonjwa hutoka kila kitu ambacho binadamu anaweza kukisahau kitandani: vijiko, miwani, pete, sindano, na siku moja mkate mzima ulioumwa mara moja tu.

Kuna ile ya meno ya bandia, ambayo bado inasimuliwa jikoni. Shemeji aliyakuta kwenye shuka, akayachemsha mara mbili, akapanda nayo wodini ndani ya bakuli akimtafuta mwenyewe. Wazee wawili wakayadai, tena kwa ukali. Shemeji akaomba kipande cha mkate mkavu, akasema atakayeutafuna mpaka ukaisha ndiye mwenye mali. Wa kwanza alipoanza tu meno yakamtoka yakaanguka mezani. Wa pili alitafuna mkate, akaomba na chai. Daktari wa zamu alisema hajawahi kuona kesi ikikatwa upesi namna ile.

Na wale wenye umri mtakumbuka wiki ile maji yalipokatika. Ni Shemeji aliyesimama getini kuyapokea magari ya maji, akapanga zamu, akaamua wodi ya kujifungua ifuliwe kwanza na mapazia ya ofisi za wakubwa yasubiri. Mapazia yalisubiri mwezi mzima. Hakuna mama aliyejifungua hapa wiki ile akalalia shuka chafu, na hilo ni sifa ambayo haiwezi kupunguzwa na lolote nitakaloliandika chini.

Sasa nieleze tunavyokunja, maana bila hilo hamtaelewa kitu. Shuka la hospitali ni refu na zito, na likitoka kwenye mashine ya kupiga pasi lina joto la kuunguza. Mtu mmoja hawezi kulikunja. Akijaribu litaburura sakafuni, nalo likigusa sakafu linarudi kufuliwa. Kwa hiyo tunakunja wawili wawili: kila mmoja anashika pembe mbili, mnarudi nyuma, mnalivuta likae sawa, mnalikung'uta mara moja, kisha mnakutana katikati na kukabidhiana pembe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukishapangiwa mwenzako, mnakaa pamoja miaka. Mwenzangu mimi alikuwa Shemeji, na nilishika upande wa pili wa mashuka yake kwa miaka ishirini na zaidi.

Katika kukunja huna haja ya kumtazama mtu usoni. Shuka lililovutwa husema. Litakuambia kama mwenzako hakulala, kama ametoka nyumbani na njaa, kama amegombana na mtu njiani. Na mikono ikitetemeka upande ule, mtetemo unasafiri kwenye kitambaa mpaka kwenye vidole vyako, hata kama mwenyewe anapiga mluzi.

Shemeji alikuwa mlevi. Ameniagiza niliandike neno hilo wazi, lisizungukwe. Nilipomwambia kamati inataka maneno matamu, alicheka, kisha akasema, "Dada, ukiandika kwamba nimepona utakuwa umenifungulia mlango. Aliyepona haulizwi hali." Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Shemeji anasema yeye akisifiwa kwa uongo hatalitia maji, atalinywa hivyo hivyo. Basi tusimsifu kwa uongo.

Miaka yake ya kwanza hapa ilikuwa ya chupa. Alifika asubuhi akiwa amekwisha kuzimua, alificha nyingine chini ya rundo la foronya, na mchana tulimkuta amelala kwenye taulo zenye joto, mdomo wazi. Tulimficha. Kila idara ina mtu inayemficha na huuita huo upendo. Mkewe alikuwa akishuka kutoka wodini na sare yake nyeupe, anamshika mkono, anamtoa kwa mlango wa nguo chafu ili watu wasione. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko alivyopaswa kufanya mwanamke yeyote. Siku moja alishuka akamkuta amelalia taulo za watoto wa wodi yake mwenyewe. Hakumwamsha. Aligeuka akapanda ngazi, na mwezi uliofuata alikuwa amehamia hospitali nyingine, yeye na binti yao wa pekee.

Ndipo Shemeji akaacha. Aliacha kwa hasira, kwa mkupuo, bila kumwambia mtu. Sisi tulifurahi. Tukasema mwanamume akiamua ameamua. Siku iliyofuata alitokwa jasho hata pale penye feni, akaanza kupukuta ukuta akisema una wadudu. Kesho yake alianguka mbele ya mashine ya kukaushia, mwili mzima ukirukaruka, ulimi umeumwa. Tulidhani ni kifafa, na kuna aliyesema amerogwa. Daktari aliyempokea juu alitukemea wote: mwili uliozoea pombe kila siku, ukinyang'anywa ghafla, unaweza kumuua mwenye nao, na mtu wa namna hiyo aache pombe akiwa mikononi mwa madaktari, apewe dawa za kumtuliza, vitamini za sindano, maji na uangalizi. Sisi tunaofanya kazi ndani ya hospitali hatukujua. Tulikuwa hatua chache kutoka kwa watu waliojua, tukampigia makofi akielekea kufa.

Alilazwa. Fahamu zilipomrudia, neno lake la kwanza kwa muuguzi lilikuwa kwamba shuka alilolalia halikukunjwa vizuri. Hilo linachekesha, nami hucheka kila nikilikumbuka. Lakini pia alimwambia muuguzi huyo huyo kwamba anaona aibu kulalia kitu alichokifua mwenyewe akiwa amelewa, na hilo hatukulisimulia jikoni.

Alirudi kazini akiwa amekonda, na hapo ndipo kazi yake ya pili ilipoanza, ile isiyo na mshahara wala likizo. Watu hufikiri kuacha pombe ni kukaza meno. Meno ya kukaza yaliisha yote siku za mwanzo. Kilichofuata kilikuwa vitu vidogo vya mwili ambavyo mtu mzima huona haya kuvitaja. Alijifunza kula asubuhi hata kama tumbo linakataa, maana aligundua njaa yake humjia imevaa nguo za pombe. Akila mkate na yai, ile hamu inapungua makali. Alijifunza kunywa maji, kwa sababu katika joto letu kiu ya kawaida ilimdanganya vivyo hivyo. Usingizi ulimkimbia kwa miezi. Alikuwa akiniambia kwamba kitandani anahesabu mashuka badala ya kondoo, na yakifika mia anaamka kuyafua. Daktari alimwonya kwamba mwili ungechukua muda mrefu kutulia, akamkataza kujidai mzima. Ini lilitulia kwanza. Mikono ilifuata. Usingizi ulikuja wa mwisho, kwa kusuasua.

Na kuna yaliyokuwa ya moyoni. Kila Jumatano jioni, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, mshauri nasaha wetu wa wakati ule alikaa na watu kama Shemeji, viti vimezungushwa, chai ya sukari nyingi mezani. Huko Shemeji alijifunza kusema "leo nina hasira" na "leo nina upweke", maneno ambayo wanaume wa rika lake huyaona mazito kuliko gunia la nguo mbichi. Alijifunza kwamba hamu hupanda, hukaa, halafu hushuka yenyewe kama hukuilisha. Alibadili njia ya kurudi nyumbani ili asipite penye kilabu, akawa anazunguka kwa nyuma ya shule, mwendo mrefu zaidi, mvua na jua. Akawaaga marafiki wa zamani, na hao hawakumlilia hata kidogo.

Hamu ikimpanda kazini alikuwa na neno moja tu. Alisema, "Dada, vuta." Sikuuliza kitu. Nilivuta. Tulilikaza shuka mpaka likawa ngoma, tukakunja kwa kasi, moja baada ya jingine, mpaka nikasikia upande wa pili umelegea na mtu anapumua. Wakati mwingine yalikuwa mashuka matano. Wakati mwingine tulimaliza rundo la wodi nzima, na msimamizi akatusifu kwa bidii bila kujua alichokuwa akikisifu.

Aliangukia pombe tena mara mbili. Mara ya kwanza hakuangushwa na huzuni. Aliangushwa na furaha: alipandishwa cheo kuwa kiongozi wa zamu, akaona mtu hafurahii jambo kubwa kwa soda. Mara ya pili alisikia kwa watu kwamba binti yake ameolewa na sherehe imekwisha. Mara zote mbili alirudi mwenyewe, mdomo unanuka, akasimama mbele ya msimamizi wetu, mama mmoja mkali ambaye sote tulimwogopa kuliko mashine. Msimamizi alimwambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akampeleka juu kwa daktari, akamwamuru arudi kwenye viti vya Jumatano, kisha akamkata siku za likizo ili asidhani amesamehewa bure. Tangu anguko lile la pili imepita miaka kumi na tisa.

Najua hapa mnangoja niseme mke alirudi. Hakurudi. Shemeji alimfuata akiwa amekaa muda mrefu bila kunywa, amevaa shati nililomnyooshea mimi mwenyewe. Mama yule alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Nimefurahi, tena sana. Lakini nimeshazoea kutoogopa, sitaki kuanza upya." Kesho yake Shemeji alinisimulia tukiwa na shuka katikati yetu. Alisema ana haki. Akalisema tena baada ya shuka la tatu, na nikajua kwamba alikuwa anajishawishi. Binti naye humpigia simu siku za sikukuu, anamwuliza afya, anajibiwa, anaaga. Ni mazungumzo ya mtu na benki yake.

Kwa hiyo kila mnaposikia kwamba ukiacha pombe utarudishiwa ulichopoteza, mwulizeni Shemeji. Alirudishiwa ini, usingizi na kazi. Vingine vilikwenda na vikakaa huko vilikokwenda. Aliendelea kutokunywa hata alipojua hivyo, na mimi sijaona jambo gumu kuliko hilo katika hospitali hii, pamoja na chumba cha upasuaji.

Halafu tukaja sisi, kwa nia njema. Mwaka jana palikuwa na sherehe ya kumuaga mkurugenzi aliyepita. Kamati ilikuwa na hofu ya vinywaji kupotea, kama ilivyotokea mwaka wa kabla yake, ikatafuta mtu mwaminifu wa kushika ufunguo wa stoo. Wakajiuliza: nani wa kuaminika kuliko mtu asiyekunywa? Wakampa Shemeji. Mchana kutwa alikaa juu ya kreti, kifungulio mkononi, akifungua chupa moja baada ya nyingine na kuwapa watu, povu likimchuruzika vidoleni. Hakuna hata chupa moja iliyopotea. Mshereheshaji alimtaja kwenye kipaza sauti, ukumbi ukapiga makofi.

Siku iliyofuata shuka lilitetemeka. Hakuwa amekunywa. Alikuwa hajalala, na harufu ilikuwa imemganda mikononi, alisema, hata baada ya sabuni ya nguo. "Wamenipa kumchunga simba, dada, eti kwa kuwa aliwahi kuning'ata." Nilimwuliza kwa nini hakukataa. Alisema aliona haya. Miaka yote ile, na neno hapana lilimshinda mbele ya kamati ya sherehe. Baada ya siku hiyo alianza tena kuhesabu mashuka kitandani.

Mwaka huu ikaja mashine ya kukunja. Sina ugomvi nayo. Migongo yetu inaishukuru. Unaipa shuka mdomoni, linatokea nyuma limekunjwa vizuri kuliko tulivyowahi kukunja sisi. Inahitaji mtu mmoja. Mtu huyo akawa Shemeji, kwa heshima ya umri wake, na mimi nikahamishiwa upande wa nguo chafu, nyuma ya ukuta. Tunasalimiana asubuhi na kuagana jioni. Anasimama pale peke yake akiilisha mashine, na mashine haina habari kama mikono inayoilisha inatetemeka au imetulia. Viti vya Jumatano navyo vilikwisha kuondolewa. Mshauri nasaha alihamishwa, hakuletwa mwingine, na chumba kile sasa kimejaa vitanda vilivyovunjika.

Mwezi uliopita, saa ya chakula, alikuja mpaka upande wetu, akasimama mlangoni bila kuvuka mstari wa nguo chafu, kama zilivyo taratibu. Akasema, "Nimenunua." Nilivua glavu. Baada ya kazi tulikwenda kwake, mimi na yeye. Ni chumba kimoja, safi kuliko vyumba vya wengi wetu: kitanda kimetandikwa kama cha wodini, pembe za shuka zimebanwa chini ya godoro, kiti kimoja, jiko dogo, redio. Chupa ilikuwa kabatini, haijafunguliwa, kati ya kikombe na kopo la sukari. Nilimwambia naimwaga. Akasema, "Mwaga, dada, lakini duka liko pale pale. Sikuinunua kwa kiu. Nilikaa nikazifikiria siku zinazokuja, nikakosa cha kuzijazia."

Niliimwaga kwenye sinki. Harufu ilikijaza chumba kizima, naye akaenda kusimama nje uani, amenipa mgongo, mpaka nilipomaliza kusuuza. Tulikunywa chai. Niliosha vikombe na kwenda zangu, kwa sababu nina watoto na zamu ya asubuhi. Kama amenunua nyingine tangu siku ile, sijui. Nilimwuliza wiki iliyopita, akasema yuko salama, na sikuwa na shuka mkononi la kuniambia ukweli. Hilo ndilo ninaloliandika badala ya sifa: kwamba sijui, na kwamba hakuna anayejua.

Idara ya utumishi iliwapeleka wastaafu wote wa mwaka huu kwenye mafunzo ya siku tatu. Walifundishwa kufuga kuku, kupanda mboga, kutowakopesha ndugu. Shemeji alirudi na kijitabu na kofia. Nilimwuliza kama kuna aliyezungumzia mtu atakayeamka asubuhi pasipo mahali pa kwenda, akasema mwalimu aligusia, akashauri wawe na matumaini. Matumaini tunayo siku nyingi. Yeye alikuwa na saa ya kuamka, njia ya kuzunguka nyuma ya shule, mkate na yai, kazi ya kumtoa jasho, na mtu upande wa pili. Hivyo ndivyo vilivyomshika miaka kumi na tisa, na karibu vyote alivipata humu. Ijumaa anavirudisha pamoja na aproni na kitambulisho.

Kwa wanaoandaa sherehe, nina ombi, na najua nitasemwa. Pasiwe na pombe ukumbini. Wageni waheshimiwa hawatakufa kwa soda ya saa mbili. Pia nimeiona zawadi kwenye ofisi ya kamati: seti ya glasi sita zenye miguu mirefu, zimefungwa kwa utepe. Ni nzuri, na aliyezichagua ana jicho. Naomba zibadilishwe. Wala msimwambie kwamba sasa akapumzike, kwamba ameishinda pombe, kwamba tunamwonea wivu. Kupumzika ndiko anakokuogopa.

Shukrani ziko nyingi, nami nimebakiwa na nafasi ndogo. Idara ya kufulia inamshukuru kwa kutufundisha kuchambua bila kuchomwa sindano. Wodi ya kujifungua inamshukuru kwa wiki ile ya maji. Wapo wafanyakazi wanne katika hospitali hii, sitawataja hata kwa idara zao, ambao aliwachukua mmoja mmoja kwa mkono mpaka kwa daktari kabla hawajaacha pombe kienyeji kama yeye. Watatu wako hai na wako kazini. Wa nne alizikwa mwaka juzi, na Shemeji ndiye aliyefua na kunyoosha shuka alilofunikiwa. Mimi namshukuru kwa sababu aliniambia ukweli kila mara nilipouliza, isipokuwa pengine wiki iliyopita.

Nimesoma wasifu wote wa wastaafu waliotangulia, na wote unaishia mahali pamoja: tunakutakia maisha mema. Shemeji, maisha ni mengi mno, hatuwezi kukutakia yote kwa mkupuo. Wewe ndiye uliyenifundisha. Ijumaa tutakuwa nawe wote, kutakuwa na hotuba na picha, watu watakukumbatia. Jumamosi utakuwa umechoka, utalala. Jumapili utakuwa na nguo zako za kufua na simu za kupokea. Basi sisi wenzako wa kufulia tunakutakia heri ya Jumatatu, saa moja asubuhi, wakati sote tutakuwa kazini.